Aliyesikia Kwanza

…mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, wakuu wa idara mlioziacha meza zenu mkaja kuizunguka hii moja, nawasalimu mmoja mmoja na wote kwa pamoja, mkubwa kwa heshima yake na mdogo kwa nafasi yake, naomba mnitegee sikio kwa dakika ishirini, wala si zaidi, ndivyo alivyofungua robo saa iliyopita, kwa maneno aliyoyapanga na kuyapangua siku tatu mpaka yakasimama sawasawa, na sasa, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe kidogo cha kugeuzia kurasa ukutani, maneno yaleyale yalimrudia kichwani kama mgeni aliyesahau mwavuli, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekwisha kuuliza swali, swali fupi lisilotimiza hata maneno kumi, wala hakuliuliza kwa ukali, alilitupa tu mezani kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, “Kijana, hii miezi mitatu, nani kakwambia inatosha?” … na kabla jibu lolote halijapata kuvaa viatu, mkuu wa fedha, mama mwenye kalamu mbili, moja mkononi na moja nyweleni, akainua kabrasha lake, akalipekua mbele na nyuma, akasema, “Miezi mitatu ipi? Mimi yangu inatoka ukurasa wa saba inarukia wa kumi na moja. Nani kaniibia kurasa zangu?” na meza ikacheka, na mkuu wa ufundi akasema, “Mama, zimejificha, zimeona kalamu zako,” ikacheka tena, na mwenyekiti akainua kiganja, “Ngoja, mwanangu, usijibu bado, nataka mama naye asikie,” kisha akamgeukia katibu, “Hebu katuchapie nakala nyingine, wa nane mpaka wa kumi,” na katibu akatoka, mlango ukarudi polepole kwa mkono wake wa chuma, ukapumua, ukafunga, na yeye, kijana aliyeulizwa, akabaki amesimama kando ya ukuta, akiwa na swali lililoulizwa na jibu lililokatazwa kwa muda, ambalo ni jambo la ajabu kupewa mtu, dakika tatu au nne za kuwa mkweli au mwongo bila kuwa bado lolote kati ya hayo.

Akautazama ukurasa wa tisa ukutani kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe, kama mtu anayeitazama mvua akiwa ndani ya nyumba, jedwali la mistari sita, rangi ya samawati ambayo mkuu wake wa mipango huipenda kwa kuwa haimtishi mtu, na katika mstari wa nne, Mitambo ya zamani na programu mpya kuendeshwa sambamba, miezi mitatu, na katika wa tano, Chumba cha mitambo kufungwa, na katika wa sita, Watumishi kumi na mmoja kuachiliwa, neno hilo, kuachiliwa, alikuwa ameliandika mwenyewe akaliona la adabu, sasa kutoka hapa aliposimama lilifanana na neno la ndege na kizimba, watu kumi na mmoja wakifunguliwa mlango waende zao, na wa kwanza wao, kwa wingi wa miaka ya kazi, ishirini na saba, angetoka akiwa na mkoba wa kitambaa begani na miwani yenye uzi shingoni… lakini hilo si swali, swali ni miezi mitatu, shika swali, usijitie hamnazo, na pendekezo lenyewe ni zuri, hata sasa, hata kwa jicho la mtu baki, ni zuri, kwamba kampuni ya simu kwa miaka mingi imenunua kila kazi ikiwa imefungiwa ndani ya chuma chake, kabati moja la kuelekeza simu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kabati jingine la kuwajua wateja na namba zao, jingine la ujumbe mfupi, jingine la kulinda mlango wa mtandao, kila kabati na mtengenezaji wake, na vipuri vyake, na fundi wake, na kiyoyozi chake, na likizeeka, mtengenezaji anakwambia hatulitengenezi tena, nunua jipya, nalo jipya linasubiriwa miezi tisa mpaka lifike, kama mimba. Basi sasa zitoe kazi ndani ya chuma, ziandike ziwe programu, ziweke zote katika seva za kawaida, za aina inayouzwa hata na duka la kompyuta la pale mtaani, ikizidi kazi, ongeza seva, ikipungua, zima moja, ukitaka huduma mpya, usingoje meli, ngoja wiki, na umeme unashuka, na vyumba vinabaki vitupu, na fedha iliyowekwa inarudi katika miaka miwili na nusu, hapo ndipo meza ilipotikisa kichwa kwa kuridhika, miwili na nusu, maana kamati hii inajulikana, chochote kinachorudi baada ya miaka mitatu hawakikatai, wanakisifu, wanakipeleka kabati la chini, na huko kinalala.

“Mshono si cherehani, baba,” ndivyo shangazi yake, dada wa baba yake, alivyomwambia zamani, ameketi kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, mguu mmoja juu ya kanyagio, sare ya shule ikiwa imelala mbele yake kama mgonjwa, na yeye wakati huo ana miaka kumi na mitatu na amempelekea swali la ajabu, kwamba kule kazini kwako ndani ya yale makabati mna nini, na shangazi hakuinua macho, alibadilisha tu kile kimguu kidogo cha cherehani, akapinda ukingo, akakibadilisha tena, akatoboa tundu la kishikizo, akasema, “Unaona? Chuma ni kilekile. Ningekuwa na cherehani ya pindo, na cherehani ya vishikizo, na cherehani ya zipu, tungelala nje, nyumba imejaa chuma. Sasa kule kwetu ndivyo tulivyo, tumelala nje. Siku moja mtu atavumbua kimguu,” na akacheka, akakata uzi kwa meno, na jambo hilo likaisha pale, likaingia kwake kama yanavyoingia mambo ya watu wazima, bila kubisha hodi, na miaka kumi baadaye, chuoni, mwalimu aliposimama kueleza kwa michoro na mishale jinsi kazi za mtandao zinavyoweza kutenganishwa na mitambo yake, darasa zima liliandika kwa haraka na yeye peke yake hakuandika, alikuwa anasikia kanyagio… “Hizo mashine za kuchapa nazo zimezeeka,” mkuu wa ufundi alikuwa anasema, “nazo mngezigeuza programu,” “Kwanza wewe ndiye tungekugeuza programu,” mkuu wa fedha akajibu, “angalau ungekuwa unawahi vikao,” na kicheko kikapita juu ya meza kama mtungi unaopokezanwa, kikamfikia na yeye, akatabasamu kwa wakati wake, akampasia mwenzake.

Jibu. Yalikuwepo majibu matatu, yamesafishwa na kupigwa pasi, yananing'inia mbele yake kama mashati ya dukani, la kwanza, Mwenyekiti, ni uzoefu wa makampuni mengine, la pili, Mwenyekiti, ni maelekezo ya watengenezaji wa programu, la tatu, Mwenyekiti, ni makadirio ya idara, na kila moja lingemtosha, hakuna ambalo lingembana kwapa, mwenyekiti angesema “haya”, angeshusha miwani kutoka kwenye paji la uso, wangeendelea ukurasa wa kumi, na saa sita wangekuwa wamekwisha kukubali… na mkuu wake wa mipango, aliyekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, alikuwa anamtazama sasa, macho yale ya upole ya mtu anayejua shati lipi litavaliwa, ndiye yeye, Jumatano iliyopita, akiwa amekalia ukingo wa meza yake mwenyewe, miguu inabembea, aliyeshika rasimu ya kwanza akaisoma kwa sauti, “Sambamba, miezi kumi na miwili. Kumi na miwili? Kwani unajaribu mtambo au unaoa?” “Mkuu, mwaka mzima unahitajika ili…” “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wewe unataka umkalishe mwaka mzima anakula na kulala? Unalipia umeme mara mbili, mafundi mara mbili, vyumba mara mbili. Tazama hapa, inarudi miaka mitatu na miezi minne. Si umeiua mwenyewe? Miezi mitatu mingi. Punguza, namba ipendeze.” “Lakini, mkuu…” “Lakini ya nani?” na hapo, hapo hasa, palikuwa na nafasi ya jina, nafasi pana ya kutosha mtu kukaa na mkoba wake, yeye akaitazama nafasi hiyo, akasema, “Ya… ya makadirio tu, mkuu,” na mkuu akacheka kwa wema, akampiga bega, “Basi makadirio hayana mdomo, hayatalalamika,” na kweli hayakulalamika, tatu iliingia pale palipokuwa na kumi na mbili bila kelele, namba ni kitu chepesi, haiachi hata kovu, mistari ya chini yote ikajikokotoa upya kwa kufumba na kufumbua, miwili na nusu, ikapendeza.

Lakini miezi kumi na miwili haikuwa makadirio. Ilikuwa penseli, iliyopigiwa mistari miwili chini yake, katika kurasa za nyuma za daftari la zamu lililokwisha kujaa, daftari la jalada gumu lenye pembe zilizolambwa na vidole, ambalo shangazi alimpa siku alipoajiriwa idara ya mipango, “Chukua. Mimi cheo changu hakifiki ghorofa ya tano, mwisho wake ngazi za chini. Wewe unafika,” na ndani yake, kwa mwandiko ulioinama kama watu wanaopanda mlima, mambo yote, kabati kwa kabati, kipi kitolewe kwanza, kipi kiachwe mwisho, nani kati ya mafundi afundishwe nini, maana mtu aliyejua kuisikia feni atajua kuisikia na programu, ameandika hivyo, mafundi wote wafundishwe, asiondoke hata mmoja mpaka mpya iwe imeuzoea mji, na kisha ile sentensi, chuma na programu vikae pamoja mwaka mzima, na chini yake miezi imepangwa na uzito wake, mwezi wa shule kufunguliwa, mwezi wa matokeo ya mitihani ambapo kila mzazi anapiga simu kwa dakika zilezile, mwezi wa joto ambapo viyoyozi vinachoka, mwezi wa mvua ambapo umeme unakatika na kurudi na kukatika, mwezi wa mwisho wa mwaka ambapo kila aliye mbali anamkumbuka aliyemwacha, na pembeni, kwa herufi ndogo, Mwenye miezi mitatu ni mgeni, mwenye mwaka ni mwenyeji… hakuna mwingine aliyevumbua kimguu, kumbe shangazi alikuwa ameshakivumbua mwenyewe, kwenye kurasa za nyuma, mahali ambapo wengine huchora maua wakati wa zamu ndefu, na pendekezo hili lote, jedwali, rangi ya samawati, mishale, lilikuwa daftari hilo lililooga na kuvaa tai, na ukurasa wa pili, chini ya kichwa Chimbuko la Pendekezo, paliandikwa, Idara ya Mipango.

Alikuwa na sababu. Kila mtu ana sababu, na yake ilikuwa ya heshima, kwamba akimtaja shangazi, wale mafundi wenzake kumi watasema kikulacho ki nguoni mwako, mwenzetu tuliyekunywa naye chai miaka yote ndiye aliyetuchimbia shimo, watamtenga, atakula peke yake pale kwenye benchi la nyuma ya chumba cha mitambo, basi afadhali jina lake lipumzike, ni kumsitiri, na sababu hii aliibeba wiki nzima kwa unyenyekevu, hata Jumamosi, siku tatu baada ya ile Jumatano, alipokwenda kumsalimu, akaibeba mpaka sebuleni, “Shikamoo, shangazi,” “Marahaba, baba. Umekonda. Au ndiyo ghorofa ya tano haina chakula?” na wakacheka, na shangazi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akiisogeza na kuiondoa kwenye mwanga, akauliza kama anaiuliza sindano, “Umeandika miezi mingapi?” na yeye akasema, kwa ulimi uleule aliokuwa amemsalimia, “Kama ulivyosema, shangazi,” na uzi ukapita tunduni, akauvuta, akapiga fundo, “Haya,” akasema, wala hakuuliza, Na jina langu je?, hakuuliza kabisa, na yeye alitoka akijiambia, Unaona, hata yeye mwenyewe hataki… mashine ya kuchapa ilikuwa inalia huko nje, mwisho wa korido, ilianza, ikasita, ikaanza, na mwenyekiti akasema, “Leo tutakula hapa,” na mtu akamjibu kwamba mama wa fedha hajapitisha chakula, na mama wa fedha akasema, “Sijaona ukurasa wake,” na meza ikapasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko hicho yeye alisikia, bila kukusudia, kiyoyozi kilicho juu ya dirisha, sauti yake, ilikuwa na kitu kidogo ndani yake, kama mtu anayesaga meno usingizini, na mara kabati la sita likamjia mbele yake, zima, na mlango wake wa kijivu.

Likizo ya chuo, miezi miwili ya mafunzo ndani ya chumba cha mitambo, baridi ile ya mchana kutwa, taa nyeupe, safu mbili za makabati na njia nyembamba katikati, na mafundi wanatembea humo polepole na kimya, kila saa, mikono nyuma, kama watu wanaozuru hospitali, hawatazami, wanasikiliza, maana hitilafu ndani ya chuma husikika kabla haijaonekana, na shangazi akawa bingwa wao, ndiyo maana wakamwita Masikio, jina aliloitikia bila kinyongo, na mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza daftari la zamu, na daftari lina safu tano, saa, kabati, kilichosikika, kilichofanywa, na ya mwisho, pembeni kabisa, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, Aliyesikia kwanza, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile, haijaandikwa mahali pengine popote, kwamba kelele ikiandikwa, lazima iwe na mwenyewe, kwa kuwa hata fundi akishabadilisha feni na kufunga mlango, kazi haijaisha mpaka yule aliyesikia kwanza aitwe, hata kama zamu yake imekwisha, hata kama yuko nyumbani anafua, aje asimame mbele ya kabati, asikilize tena, aseme, “Imenyamaza,” maana mwingine hajui alichokuwa anakisikia yule, na yeye, kijana wa chuo, wiki ya tatu, akasikia kabati la sita likisaga meno, akaenda mezani, akaandika saa, akaandika kabati, akaandika kilichosikika, na kalamu ilipofika kwenye safu ya mwisho ikasimama, akawaona mafundi wazee wakicheka, mwanachuo naye ana masikio siku hizi, akaiacha tupu, akafunga daftari, akaenda zake, na zamu iliyofuata wakaja, wakaona kelele bila mwenyewe, wakafanya walivyofundishwa, wakaandika pembeni neno moja, Upepo, na kesho yake, saa tano asubuhi, feni ya kabati la sita ikasimama, kadi za umeme zilizomo ndani yake zikaungua moja baada ya nyingine, na nusu ya mji ikakaa dakika hamsini bila simu, Jumanne ya kawaida, hakuna aliyekufa, kulikuwa na malalamiko mia mbili na kumi na moja tu, na moja la mwanamume aliyeandika kwamba alikuwa anampigia mkunga, mwishowe akakimbia kwa miguu, mtoto amezaliwa salama, asanteni kwa kunipa mazoezi… na shangazi hakumkaripia, wala hakuinua sauti mbele ya wenzake, alimpeleka mezani, akafungua ukurasa wa jana yake, akampa kalamu, “Jaza,” naye akajaza jina lake katika safu ile, siku moja kuchelewa, wino mpya pembeni ya wino mkavu, na shangazi akalisoma, akasema, “Hawa hawakukosea, baba. Wangemfuata nani? Kelele isiyo na mwenyewe ni upepo.”

Akaurudia mstari wa nne ukutani, miezi mitatu, akatafuta kando yake safu ya mwisho, haikuwepo, jedwali zuri namna hii na hakuna safu hiyo, na ndipo, kwa ubaridi uleule, bila mapigo ya moyo kubadilika, akaishika ile sababu yake ya heshima, akaigeuza kama shangazi anavyogeuza nguo kuutazama mshono kwa ndani, na kwa ndani haikuwa imeshonwa hivyo hata kidogo, hakuliacha jina ili kumsitiri mwenye jina, hapana, aliliacha kwa sababu jina haliji peke yake, jina la Masikio lingekuja na mkoba wake wa kitambaa, na ndani ya mkoba mwezi wa mvua, na mwezi wa matokeo, na mafundi kumi wanaofundishwa, na mistari miwili ya penseli, huwezi kumweka yeye ukurasa wa pili halafu ukaweka tatu ukurasa wa tisa, angesimama baina ya kurasa hizo mbili akiwa ametega sikio, basi alimtoa yeye kwanza, kimya kimya, wiki nzima kabla ya Jumatano, kabla mkuu hajakalia ukingo wa meza, kabla ya “Lakini ya nani”, alikuwa amekwisha kuiacha safu tupu, na mkuu alifanya tu walivyofanya wale wa zamu ya pili, aliona kelele bila mwenyewe, akaandika upepo… jambo hilo alipolijua hakusikia aibu, aibu ingekuja baadaye, huenda jioni, ikamkuta anavua viatu, kwa sasa lilikuwa jambo tu, lenye saa yake na kabati lake, na akaona pia, kwa mpangilio, yatakayofuata, kwamba kumi na miwili ni miaka mitatu na miezi minne, kwamba mwenyekiti atasifu, kwamba mkuu wake atatazama meza, kwamba kile cheo cha msaidizi wa mkuu kilichokuwa kimenusa jina lake kitaenda kunusa kwingine, kwamba kabrasha litashuka kabati la chini, na mitambo itaendelea kuzeeka huku vipuri vyake vikitafutwa kwa tochi, na yote hayo ni hasara ya kweli, pendekezo ni zuri, angependa lipite, hakuna aliyewahi kulipenda zaidi yake isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alilipenda mwaka mzima mzima, hakulipenda kwa miezi mitatu.

Mashine ya kuchapa ilikuwa imenyamaza. Mkuu wa fedha alikuwa anaichomoa kalamu ya nyweleni na kuirudisha, mkuu wa ufundi anachora maua kwenye ukingo wa kabrasha, mkuu wake wa mipango akamkonyeza kidogo, kwa wema, lile shati la tatu, mwanangu, makadirio, livae, na miwani ya mwenyekiti ilikuwa bado iko kwenye paji la uso, kidole gumba bado kiko juu ya kitufe, ukurasa wa tisa bado uko ukutani na rangi yake isiyomtisha mtu, hakuna kitu kilichosogea ndani ya chumba hiki tangu swali liulizwe, ila huko nje nyayo za katibu zilikuwa zinakuja na karatasi za moto, hatua kumi, pengine kumi na mbili, mlango ungepumua, mama wa fedha angepata kurasa zake, na mwenyekiti angesema, Haya, kijana, sasa tunakusikiliza, nani kakwambia? … na yeye alikuwa amekwisha kuliona daftari likifunguka, saa, saa nne na nusu asubuhi, kabati, ukurasa wa tisa, kilichosikika, miezi mitatu haitoshi, ni kumi na miwili, kilichofanywa, bado, na kalamu ikafika pembeni, kwenye mstari mwekundu, safari hii haikusimama, ikaandika kwa wino mpya, siku nyingi kuchelewa, jina la mtu ambaye itabidi aitwe aje asimame mbele ya meza hii asikilize mpaka aseme imenyamaza, Aliyesikia kwanza, si idara, si mimi, ni shangazi yangu, fundi wa zamu ya asubuhi, dada wa baba yangu, wanamwita Masikio.